Jina Fupi la Binti Lichaguliwe Pamoja na la Babu Yake

Mzazi wa Tanzania anapomtafutia binti yake jina, mamlaka aliyo nayo ni ya theluthi moja. Karatasi ya usajili ina sehemu tatu: jina la mtoto, jina la baba, na jina la babu au la ukoo. Mbili za mwisho zilishajazwa na watu waliozaliwa kabla yake, na hakuna kikao cha wazee kitakachozibadilisha. Iliyobaki ni hiyo ya kwanza. Hata hivyo, mazungumzo mengi kuhusu majina mafupi ya watoto wa kike hulipima jina likiwa peke yake: linapendeza au halipendezi, lina maana gani, lina herufi ngapi. Jina refu kama Mwanahamisi linaweza kupimwa hivyo, kwa sababu lenyewe linakaribia kutosha kumtambulisha mtu. Jina fupi halina nafasi hiyo. Linajieleza kwa pumzi moja, kisha kazi iliyobaki linaliachia jina la baba na la babu. Msimamo wangu ni kwamba jina fupi la binti lichaguliwe likiwa limeshaandikwa kwenye mstari mmoja na hayo mawili na kusomwa kwa sauti, na likikwama hapo liachwe, hata kama limependwa na nyumba nzima.

Kwanza kipimo chenyewe. Ufupi wa jina la Kiswahili huhesabiwa kwa mizani, zile zile anazohesabu mshairi katika mshororo. Asha lina mizani mbili, A-sha. Tunu, Lulu, Tatu, Pili, Nuru, Raha, Hawa, Siti, Zena, Moza na Pendo ni mbili mbili vilevile. Neema wengi hulihesabu fupi kwa kuwa lina herufi tano kama Pendo, lakini mizani zake ni tatu: Ne-e-ma. Maua ni tatu, Saumu ni tatu, Samia ni tatu. Hayo bado ni mafupi, ila hayafanyi kazi sawasawa na ya mizani mbili.

Majina ya Kiingereza yanadanganya zaidi. Grace kwa Mwingereza ni pigo moja la sauti; kwa shangazi wa Morogoro ni Gre-si. Joyce hufika tatu, Jo-i-si. Ruth huwa Ruthi, Rahel huwa Raheli. Kiswahili hupenda neno liishie kwa irabu, na jina lisilo nayo hupewa. Anayetaka ufupi wa kweli asikilize majirani watakavyolitamka, maana hao ndio watakaoliita kila siku.

Chini ya mizani mbili hakuna pa kwenda. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo jina la silabi moja halina mahali pa kuuweka, na watu hulirefusha wenyewe: Jo likawa Joo. Mizani mbili zina umbo kamili. Mkazo unakaa juu ya ya kwanza, ya pili inaachwa huru kuvutwa, na mtoto aliyeko nyumba ya tatu anasikia “Ashaaa!” mara ya kwanza. Irabu a hubeba sauti mbali kuliko i na u kwa sababu mdomo unafunguka zaidi, na hiyo ni hoja ya kweli kwa familia inayoishi kwenye uwanja mpana au shambani.

Mtoto mwenyewe pia ana sehemu yake. Sauti kama m, b, t na n huja mapema. R na sh huchelewa kwa watoto wengi. Tunu hutamkwa na mtoto wa miaka miwili karibu kama lilivyo. Raya litakuwa Laya au Yaya kwa muda mrefu, na Asha litakuwa Asa. Hiyo haitoshi kuwa sababu ya kuyaacha, lakini ina uzito wake siku mtoto atakapopotea sokoni na kuulizwa anaitwa nani.

Jina lisipokuwa fupi, watu watalifupisha, na hawataomba ruhusa. Wana njia mbili. Moja hushika silabi yenye mkazo na ile inayoifuata: Khadija huwa Dija, Fatuma huwa Tuma, Halima huwa Lima. Nyingine hushika mwanzo: Fatuma huwa Fatu, Mwajuma huwa Mwaju, Zainabu huwa Zai, Zuwena huwa Zuu. Zote huishia kwenye mizani mbili. Mdomo wa Mswahili ukiachiwa jina lolote hulipeleka kwenye kipimo hicho hicho. Shida ni kwamba jina la mizani tatu hukatika pande zote mbili, na upande wa baba wanaweza kumwita binti Fatu wakati upande wa mama wanamwita Tuma. La mizani mbili halina pa kukatwa. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kuwaongoza wanawake wa chama cha TANU katika kudai uhuru, aliitwa Titi na taifa zima hadi alipofariki mwaka 2000.

Wapo wanaopendekeza kusajili refu na kuita fupi, ili kila upande uridhike. Siungi mkono. Cheti kinasema Khadija, nyumbani anaitwa Dija, na siku ya kuandikishwa shule anapelekwa na mama mdogo ambaye hajawahi kumwita vingine. Jina linaingia kwenye daftari la shule kama lilivyotamkwa. Daftari hilo ndilo linalozaa orodha ya watahiniwa wa darasa la saba, na kutoka hapo jina husafiri hadi kidato cha nne kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Miaka kumi na kitu baadaye binti anaomba kitambulisho cha taifa cha NIDA au mkopo wa elimu ya juu, ambao huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na karatasi mbili zinakataa kukubaliana. Hapo huanza hati za kiapo, safari za wakili na tarehe za mwisho zinazokaribia. Kinachoitwa nyumbani ndicho kiandikwe kwenye cheti.

Sasa kuna jambo ambalo majina ya mtoto wa kwanza hubeba na wengi hawalifikirii hadi limeshatokea. Mama naye hupewa jina. Akishajifungua, mtaani, kwenye kikoba na sokoni ataitwa Mama fulani, na mumewe Baba fulani, pengine kwa maisha yao yote. Mama Asha ni mizani nne, mbili na mbili, na hutamkwa bila kujikwaa. Mama Mwanahamisi ni saba, na haitapita muda litakuwa Mama Mwana. Jina lijaribiwe basi na neno hilo mbele yake. Pili ni jina zuri la zamani, lakini Mama Pili husikika karibu sana na mama wa pili, na si kila mke atalifurahia. Baba Huba litamletea baba utani kazini. Mama Tunu, Mama Zena, Mama Siti na Mama Lulu hayana tatizo hilo.

Wadogo zake nao wafikiriwe. Tunu na Tatu wakiwa dada katika nyumba moja, wataitika wote wawili kila wakiitwa kutoka mbali, kwa sababu mwanzo na mwisho wa majina yao ni sauti zile zile. Kinachotofautisha majina mafupi yanapoitwa kwa nguvu ni irabu yenye mkazo, basi kila binti apewe yake: Asha, Tunu, Pendo, Siti.

Turudi kwenye mstari wa majina matatu, ambako ndiko jina fupi hufaulu au huanguka.

Jaribio la kwanza ni la wingi wa wenye jina hilo. Juma, Ali, Hamisi, Saidi na Athumani ni majina yaliyoenea kuanzia Tanga hadi Kigoma. Binti akiitwa Asha, baba Juma na babu Ali, anapatikana Asha Juma Ali: jina safi, mizani sita, linaimbika. Lakini atakuwa na wajina wake wa majina yote matatu katika kila orodha ndefu atakayoingia, iwe ya matokeo ya mtihani, ya wateja wa benki au ya wagonjwa hospitalini, na pale ambapo faili huitwa kwa majina pekee hatari ya kuchanganywa ni ya kweli. Familia ya namna hiyo ikitaka ufupi itafute jina ambalo halijajaa mitaani: Tunu, Moza, Raya, Mize, Huba. Kinyume chake pia ni kweli, na watu hukisahau. Baba mwenye jina la ukoo la Kihaya au Kinyakyusa lenye mizani nne au tano ameshabeba kazi ya kumtofautisha binti yake. Huyo achukue jina la kawaida kabisa bila woga, Asha, Hawa, Sara au Pendo. Kumpa binti wa ukoo kama huo jina fupi la kigeni ambalo hakuna anayejua kuliandika ni kumwongezea mzigo bila sababu.

Jaribio la pili ni la kiungo kati ya jina na jina. Jina linaloishia kwa a likifuatwa na la baba linaloanza kwa a, sauti hizo humezana. Asha Ali husikika Ashali. Hawa Abdalla husikika Hawabdala. Zena Athumani hupoteza a moja njiani. Karani anayeandika kwa kusikia, huku foleni ikiwa ndefu nyuma yako, ataandika alichosikia. Dawa ni kuchagua jina linaloishia kwa irabu tofauti: Tunu Ali, Siti Abdalla, Pendo Athumani. Ni vivyo hivyo kwa i: Siti Idi na Pili Issa huungana, Asha Idi haliungani. Hapa ndipo mizani mbili zinapokuwa kali kuliko tatu, maana jina fupi likimezwa silabi moja limebaki nusu.

La tatu ni maana zinazogongana. Majina ya baba yenye maana ya wazi si machache: Shida, Tabu, Maneno, Mgeni, Heri. Binti mwenye baba aitwaye Shida akipewa jina Raha, ataitwa Raha Shida mbele ya darasa kila asubuhi. Siri Maneno, Hawa Adamu, Nuru Heri: lolote kati ya haya halina ubaya likiwa peke yake, na yote huwa kichekesho cha watoto wenzake au kitendawili kwa mwalimu. Jina refu huficha mgongano wa namna hii kwa sababu sikio huchoka kabla ya kufika la pili. Fupi haliufichi.

La nne ni jinsia. Zamani halikuwa tatizo, kwa kuwa kati ya jina la mwanamke na la baba yake palikaa neno binti. Msanii mkubwa wa taarabu wa Zanzibar, aliyezaliwa Fumba akapewa jina la Mtumwa, anakumbukwa kwa jina la Siti binti Saad, na mtu asiyemjua kabisa hujua kwamba ni mwanamke. Fomu za leo zimeliondoa neno hilo. Kiswahili hakina yeye ya kike na yeye ya kiume, kwa hiyo Nuru Salum au Doto Hamisi halimwambii msomaji lolote. Doto ni jina la pacha wa pili kwa Wasukuma, Kulwa akiwa wa kwanza, na yote mawili hupewa mtoto wa kike au wa kiume. Nuru, Heri, Bahati, Baraka, Shida na Tabu ni vivyo hivyo. Wala irabu a mwishoni haitoshi kuwa alama ya kike: Salma na Saida ni wanawake, lakini Musa, Issa, Juma na Hamza ni wanaume. Mzazi anayependa jina la aina hii alichukue, ila ajue kwamba kisanduku cha jinsia kwenye kila fomu kitahitaji kuangaliwa mara mbili, na kama jina la baba pia halina jinsia, atafute lingine.

Sehemu inayonisumbua zaidi kwa sasa ni majina mafupi yanayotoka kwenye filamu na mitandao. Mengi ni ya mizani mbili, ni matamu sikioni, na yanafanya kazi vizuri kabisa katika lugha yalikotoka. Yakifika kwetu yanakuta viti vyao vimeshakaliwa na maneno ya kila siku. Lia ni amri ya kutoa machozi: “Lia, njoo ule” ni sentensi ya ajabu. Mia ni hesabu. Tia ni kitenzi, Kera ni kitenzi, Zoa ni kitenzi. Ria ni kujionyesha kwa watu, na kwa Mwislamu ni dosari inayoharibu ibada. Isha ni swala ya usiku na pia ni kumalizika. Nina na Ana huvuruga sentensi nyepesi kabisa: “Nina nina homa”, “Ana ana kitabu changu”. Ua, ambalo mtu anaweza kulifikiria kwa uzuri wa maua, ni amri ya kuondoa uhai. Ndiyo maana wahenga wetu walitumia Maua, Waridi na Asumini. Siri nalo, pamoja na kuwa neno letu, tangu mwaka 2011 ni jina la msaidizi wa sauti kwenye simu za Apple, na nyumba yenye simu hizo itaitikiwa na simu.

Namna ya kulipima ni nyepesi. Liweke jina mbele ya vitenzi vitano vya nyumbani: njoo, kula, amelala, ana homa, amekwenda shule. Sentensi zote tano zikieleweka bila kufikiri, jina limepita. Hawa ni pia neno la kuonyesha watu waliopo karibu, lakini “Hawa amelala” inajitenga yenyewe kwa umoja wa kitenzi, ndiyo maana jina hilo limedumu karne nyingi bila madhara.

Orodha za majina ya Kiswahili zinazosambaa mitandaoni zina kasoro ya upande mwingine. Nala hutajwa humo kuwa ni zawadi kwa Kiswahili. Si kweli, sisi tuna zawadi, tunu na hidaya. Zuri ni mzizi wa kivumishi unaotafuta nomino yake, gari zuri, jina zuri, na sikio la Mswahili huendelea kungoja neno lililokosekana. Nia na Imani yana historia tofauti inayostahili heshima: Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa huko Marekani mwaka 1966, alichukua maneno saba ya Kiswahili kuwa nguzo zake, Nia ikiwa ya tano na Imani ya saba, na Wamarekani weusi wamewapa mabinti zao majina hayo. Kwa familia yetu inayolea huko, Imani ni chaguo lenye nguvu kwa sababu linaishi pande zote mbili. Nia kwetu ni neno lisilo na upande, huwa njema au mbaya, na si jina la mtu. Kwa jamaa walioko Muscat na kwingineko Oman, Moza, Raya na Zuwena hupita bila maelezo huko na Unguja vilevile, nami ningeyapa kipaumbele juu ya jina lolote la orodha.

Tahajia ndiyo inayopima kama jina ni fupi kweli. Jina linaloandikwa kwa njia nne ni refu, hata likiwa na herufi nne. Leila, Laila, Layla, Leyla: binti atalitaja na kisha atalisoma herufi kwa herufi maisha yake yote. Sara, Sarah na Zara huvurugana. Hana na Hannah pia. Kwa upande mwingine Tatu, Tunu, Pili, Lulu, Raha, Titi na Pendo huandikwa kwa njia moja tu, na mtu aliyemaliza darasa la pili hawezi kukosea. Makosa mengi huingia kwenye jozi za sauti zinazojulikana: kh na h, dh na z, th na s, l na r, na irabu zinazorudiwa. Khadija na Hadija, Fadhila na Fazila, Rehema na Lehema, Neema na Nema, Saada na Sada. Ukipenda jina lenye mojawapo ya jozi hizo, angalia eneo utakalolea mtoto. Kwenye jamii ambazo lugha mama haitenganishi l na r, Rehema na Raya yatateseka. Amina na Tunu yatakuwa salama. Kuongeza y au h ili jina lipendeze machoni ni kosa ninaloliona kuwa la bure kuliko yote, kwa sababu mzazi hulifanya mara moja na binti hulisahihisha maelfu ya mara.

Ritifaa nayo ina bei yake. Sehemu ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine hukubali herufi A hadi Z tu kwenye majina na ina nafasi 39 kwa majina yote, kwa hiyo alama hiyo hudondoka na jina la Kisukuma lililoanza kwa Ng'w- hubaki bila ritifaa. Si sababu ya kuacha jina la bibi. Ni sababu ya kuweka nakala za karatasi zenye maandishi yote mawili.

Bibi ndiye mlango wa mazungumzo magumu. Jamii nyingi humpa binti jina la bibi. Kwa Wakikuyu utaratibu uko wazi, binti wa kwanza huchukua la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Jina la bibi likiwa refu, heshima haipotei kwa kuchukua umbo lake fupi lililokubalika. Aisha, Asha na Esha ni jina moja, kwa hiyo mjukuu wa Mwanaisha akiitwa Asha bibi ameenziwa kamili. Wahaya wenye Koku- mwanzoni mwa majina ya kike hubaki na Koku, ambalo linatosha. Ila wazazi wakumbuke desturi ya mkwe: mama wengi hawalitamki jina la mama mkwe, na mtoto mwenye jina hilo huishia kuitwa Bibi au Mama. Wenye desturi hiyo wakubaliane mapema jina litakaloitwa, vinginevyo jina fupi walilolichagua kwa uangalifu halitaitwa na mtu anayekaa na mtoto muda mrefu kuliko wote.

Kwa upande wa dini nafasi ni pana kuliko inavyodhaniwa. Kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Hailazimishi jina la mtakatifu wa Ulaya, na Pendo, Neema au Imani hubatizwa bila pingamizi. Kwa Waislamu, mwiko ni maana mbaya, na Mtume mwenyewe alimbadilisha mwanamke jina la Asiya, lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. Hofu inayowapata baadhi ya wazazi kuhusu Asia inatoka hapo, lakini Asia la mke wa Firauni ni jina lingine kwa maandishi ya Kiarabu na halina kasoro. Jina la mizani mbili linalotoka Kiarabu lihakikiwe kwa herufi za Kiarabu kabla ya akika, sadaka ya kuchinja inayofanyiwa mtoto siku ya saba, maana Kiswahili hukusanya herufi kadhaa za Kiarabu kwenye sauti moja.

Siku hiyo ya saba ni kikomo kizuri hata kwa asiye na akika, kwa sababu muda wa serikali si mrefu kama watu wanavyofikiri. Tanzania Bara, RITA huhesabu usajili wa kawaida ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo ada na masharti hubadilika. Zanzibar kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kenya hutoa miezi sita, na kifungu cha 14 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, humruhusu mzazi kusajili jina jipya au lililobadilishwa ndani ya miaka miwili tangu kizazi kiliposajiliwa.

Kabla ya kwenda dirishani, baba atoe kitambulisho chake cha NIDA na jina la binti liandikwe likifuatwa na majina ya baba yalivyo hapo, herufi kwa herufi. Baba anayeitwa Saidi mtaani huenda ni Said kwenye kadi, na kadi ndiyo itakayofuatwa. Nafasi ya tatu iamuliwe kama ni ya babu au ya ukoo, na uamuzi huo utumike kwa watoto wote wa nyumba, la sivyo dada na kaka wataonekana si ndugu kwenye karatasi. Andika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na umpe karani anakili badala ya kumtamkia. Akimaliza, omba usome kabla ya muhuri: jina la mtoto, la baba, la tatu, kisha jinsia. Kosa likionekana hapo karani huandika upya. Likionekana baada ya cheti kutoka, huwa ombi la marekebisho lenye viambatisho na ada yake.